Leso ya Unguja

Nyanya alitaka leso. Si sabuni ya karafuu, si sumaku ya kubandika kwenye friji. "Leso ya Unguja, doti moja, na usome jina kabla hujalipa," akaniambia, halafu akaongeza sauti ya redio yake.

Basi siku ya pili ya likizo nikaingia Mtaa wa Gizenga, Mji Mkongwe, na pesa yake nimeikunja mfukoni peke yake. Si unajua maduka ya pale? Vinyago, fulana za Hakuna Matata, pakiti za viungo, na picha za Tingatinga, ambazo asili yake ni Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Kila mlango ni karibu, karibu. Nilipenda, sitadanganya. Nilinunua vipuli ambavyo sikuvihitaji.

Ila ukitembea pale na mifuko mkononi, muda si muda unatokea Mkunazini. Hapo ndipo lilipokuwa soko la watumwa. Tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kulifunga, baada ya Waingereza kumtishia kuizingira Unguja kwa manowari. Mwaka huohuo wamisionari wakaanza kujenga kanisa kuu juu ya uwanja ule. Nje kuna sanamu ya Clara Sörnäs, ya 1998: watu watano ndani ya shimo, minyororo shingoni. Watalii huinama kupiga picha. Mimi pia niliinama, kisha nikaona aibu, nikairudisha simu kwenye mkoba.

Wageni hushushwa pia kwenye vyumba vya chini ya jengo la jirani, waonyeshwe walikofungiwa watumwa. Jengo lenyewe lilijengwa na misheni soko likiwa limeshafungwa, na wako wanahistoria wanaoitilia shaka hadithi hiyo. Nilimuuliza kijana aliyekuwa akituongoza. "Dada," akasema taratibu, "watu wanataka kuona mahali." Sikuwa na jibu. Hata mimi nilitaka kuona mahali.

Nyanya amezaliwa karibu na Kengeleni, Mombasa. Ukipita pale kwa matatu unaiona ile kengele ya Frere Town, mji uliojengwa na wamisionari Kisauni mwaka wa 1875 kwa ajili ya watu waliotolewa utumwani. Jina ni la Bartle Frere, yuleyule aliyetumwa Unguja kumshinikiza Barghash. Nyanya yake Nyanya alishushwa pale akiwa mtoto, baada ya jahazi lililombeba kukamatwa baharini. Alikotoka hakuna anayejua. Nyumbani hatusemi tulitekwa wala tuliuzwa. Tunasema "tulipoletwa", basi, na mazungumzo yanahamia kwingine.

Nikiwa pale kando ya shimo nikapiga hesabu. Kama aliletwa Frere Town, basi soko la Mkunazini lilikuwa limeshafungwa. Huenda hakuwahi kuikanyaga Unguja. Huzuni niliyosafiri nayo kumbe haikuwa na anwani.

Nilikuwa nimesoma kidogo kabla ya kusafiri (chuo niliacha, maktaba sikuacha), na kilichoniuma zaidi ni mambo ya baada ya soko. Amri ya kufuta utumwa Unguja ilitoka 1897, miaka 24 baadaye. Hata hivyo uhuru haukukufuata nyumbani. Ilibidi uende ukauombe, na uonyeshe una makao na njia ya kujikimu, la sivyo uhesabiwe mzururaji. Fidia alilipwa bwana, si wewe. Na masuria hawakuguswa na amri ile. Walingoja hadi 1909. Huku kwetu pwani ya Kenya ilikuwa 1907.

Na hapo ndipo leso inapoingia. Watumwa walivaa merikani, pamba ghafi iliyotoka Marekani, au kaniki, iliyotiwa rangi nyeusi ya nili. Nguo ilikutangaza wewe ni nani kabla hujafungua mdomo. Leso za rangi zilipoanza kuenea mwishoni mwa karne ya 19, wanawake waliotoka utumwani walizikimbilia, wakaachana na kaniki. Jina likaja baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu. Kwa hiyo mtu akikwambia wanawake wanapenda tu kununua nguo, mwache aseme. Kuna aliyenunua ili asitambulike mtaani kuwa mali ya mtu.

Kwa leso nilienda Darajani, mbali na watalii. Mama mmoja aliyeketi kati ya marobota alinitazama nikichagua moja nyekundu, akacheka. "Hiyo unampelekea nani, mwanangu?"

"Nyanya yangu. Bibi."

"Haa! Hayo maneno ya mke mwenza hayo. Utamgombanisha bibi wa watu."

Akanitafutia nyingine, pindo nyeusi, mji wa rangi ya chungwa, jina la kumshukuru Mungu. Nikaomba apunguze, akapunguza kidogo, tukamaliza.

Kisauni, Nyanya aliitandaza mapajani. Akalisoma jina kwa sauti, akaridhika. Halafu akavaa miwani, akasogeza ukingo karibu na macho, pale penye maandishi madogo ambayo mimi sikuyajali: Mali ya Abdulla, Mombasa. Duka la Biashara Street, lipo tangu 1887. Ni mwendo wa matatu moja kutoka kitandani pake.

Alicheka hadi akakohoa. "Umevuka bahari kuninunulia leso ya hapa!"

Nilianza kuomba radhi. Akanikatiza kwa mkono, bado anaipapasa nguo, na bila kuniangalia akauliza, "Hilo soko lao, uliliona?"

"Niliona kanisa, Nyanya. Na shimo."

Akaizima redio. "Kaa hapa," akasema. "Niambie lina kina gani."