Handaki la Hezekia, Yerusalemu

Milima hii haina mto wa kudumu. Yerusalemu ya kale iliishi kwa chemchemi ya Gihoni. Maji yake hububujika kwa nguvu, hutulia, kisha hufoka tena.

Katika karne ya 8 kabla ya Kristo, Waashuru walipoutishia mji, Mfalme Hezekia, kwa mujibu wa Biblia, aliyaingiza maji mjini. Handaki la mita 533 huyapeleka hadi Birika la Siloamu, na yangali yanapita.

Tazama alama za sululu ukutani: makundi mawili yalichimba kutoka pande mbili. Maandishi yaliyogunduliwa humu mwaka 1880, ambayo sasa yako Istanbul, yanaeleza jinsi wachimbaji walivyosikia sauti za wenzao ng'ambo ya mwamba, wakakutana.