Mizani ya Sonara na Vina vya Sarafu

Katika lugha yetu neno mizani lina makao mawili: dukani kwa sonara, hupimia dhahabu, katika ubeti, huhesabia silabi. Sarafu kongwe ya dhahabu yataka ipimwe na wote wawili, sonara na mshairi. Ikipimwa na sonara peke yake huonekana uzito na usafi wa madini, basi; na kwa njia hiyo sarafu huishia kuyeyushwa na kugeuzwa vipuli na bangili.

La kwanza la kuulizwa ni uadimu, nao si sawa na ukongwe. Tuitazame sarafu ya rupia 15 iliyofuliwa na Wajerumani katika karakana ya reli ya Tabora mwaka 1916, wakati vita vimekwisha kufunga njia za bahari, kwa dhahabu iliyochimbwa Sekenke. Upande mmoja yupo tembo aliyeinua mkonga, nyuma yake mlima. Zilitolewa 16,198. Ni chache, lakini mwenye fedha na subira huipata. Linganisha na sarafu za dhahabu za al-Hasan bin Sulaiman, Sultani wa Kilwa aliyekutwa na Ibn Battuta mwaka 1331. Zake za shaba zimeokotwa kwa wingi. Za dhahabu, wataalamu walipozitangaza mwaka 1991, zilikuwa tatu tu.

La pili ni hali. Dhahabu haishiki kutu, lakini ni laini. Mjuzi huanza kutazama palipoinuka, kichwa cha tembo au kifua cha tai, kwani ndipo panapolika kwanza. Kisha hutenganisha uchakavu na jeraha. Uchakavu ni wa haki: pesa ilifanya kazi yake, ikapita mikononi. Jeraha ni tundu, ni alama ya moto ukingoni palipounganishwa pete ya kuvalia shingoni, ni mikwaruzo ya majivu na ndimu aliyosugulia mtu akidhani anaitengeneza. Sarafu iliyosuguliwa hung'aa, ila ngozi yake ya asili imeondoka, wala hairudi tena.

Na ngozi hiyo ndiyo inayobeba maandishi. Hapa mpenzi wa ushairi ana haki ya kuketi pamoja na sonara. Sarafu za shaba za Kilwa zina jina la mtawala upande mmoja, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu. Na aghalabu pande hizo mbili zina kina kimoja. Mchuuzi wa samaki alitia mfukoni kauli yenye vina, asome asisome. Ukiusugua upande mmoja ukafutika, umebaki na nusu ya usemi usio na mwenziwe.

La tatu husahauliwa: mahali ilipookotwa. Sarafu moja ya shaba ya huyo al-Hasan bin Sulaiman, isiyofika bei ya kikuku, ilipatikana Great Zimbabwe, bara ya mbali iliyotoa dhahabu ikapitia Sofala hadi Kilwa. Ingeuzwa bila kutajwa ilikotoka, ingekuwa kipande cha shaba tu. Vivyo hivyo Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, ambako mwaka 1984 zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za Kifatimi. Kila moja ingekwenda dukani peke yake, nani angejua kuwa zililala pamoja ardhini, za watawala wetu na za Misri, tangu karne ya 11?

Kwa hiyo, akupaye sarafu ya bibi yake uitazame, mwombe mambo matatu: asiisugue, asiitoboe, na akwambie ilikotoka. Uzito wake hautapotea. Sonara ataupima hata kesho. Maneno yake yakishafutika, hapana mizani ya kuyarudisha.