Ugogo: Njia ya Misafara, Mvua ya Vipindi

Ramani ya vituo vya misafara ya zamani kati ya Bagamoyo na Ujiji ni ramani ya visima. Nilikuwa nikisoma habari za njia ile kama habari za pembe za ndovu, vitambaa na watumwa. Kuifuata kwa basi kutoka Mpwapwa kwenda Dodoma kunakufundisha kwamba aliyepanga safari hakuwa tajiri wa Pwani wala kirangozi, yaani kiongozi wa msafara wake, bali maji.

Mpwapwa palikuwa na kijito, na misafara ilipumzika hapo kwa sababu ya kilichokuwa mbele: Marenga Mkali, nyika ya siku mbili isiyo na maji ya kunywa. Waliivuka kwa tirikeza. Vibuyu vikijazwa, msafara uliondoka adhuhuri, ukalala njiani bila maji, ukafika visima vya Wagogo kesho yake. Huko watemi waliwangoja wakidai hongo, yaani ushuru wa kupita, na maji nayo yalilipiwa. Wazungu waliopita waliwaandika watemi hao kama wanyang'anyi. Mimi nawaelewa. Msafara wa watu mia kadhaa, pamoja na punda wao, ungeweza kukausha kisima cha kijiji kwa siku moja, kisha ukaondoka na mtama ambao wenyeji walikuwa wameuweka akiba kwa ajili ya mwaka mbaya. Na mwaka mbaya Ugogo haukuwa ajabu.

Ajabu ni namna kila mpita njia alivyoiona nchi nyingine. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walivuka Ugogo mwaka 1857, katika miezi ya mwisho ya kiangazi, vumbi likiwa limetawala. Speke aliporudi na Grant mwishoni mwa 1860 alikuta njaa, na muda si mrefu mvua zikajaza makorongo na kumzuia njiani. Stanley alianza safari Machi 1871, akakwama katika tope la mbuga ya Makata masika ikiwa imepamba moto, na wiki chache baadaye akawa anavuka Marenga Mkali akiwa na kiu. Njia ni ileile. Kila mmoja alirudi kwao na kitabu, na kila kitabu kikasimulia msimu mmoja kana kwamba ndiyo tabia ya nchi.

Wenyeji hawakuwa na anasa hiyo. Mvua ya Ugogo huanza Desemba na kuisha Aprili, na wastani wake Dodoma ni kama milimita 570 kwa mwaka. Lakini Mgogo hakulima kwa wastani. Alipanda uwele na mtama unaovumilia jua, na mifugo yake hakuiweka mahali pamoja: aliitawanya kwa ndugu na marafiki wa mbali, ili ukame ukipiga huku, wale wa kule wapone. Mtemi alikuwa mlinzi wa mawe ya mvua, na mvua ilipokataa watu walihama. Nyumba ya tembe, yenye paa la udongo, si vigumu kuijenga upya pengine.

Mpango huo ulivunjwa na vita. Kuanzia 1914 Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Waingereza walipoingia mwaka 1916 wakachukua waliosalia. Mvua ilipokosekana, hapakuwa na ng'ombe wa kuuza wala kijana wa kutumwa kutafuta chakula. Njaa hiyo, ya kati ya 1917 na 1920, Wagogo waliiita Mtunya. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba walikufa watu 30,000 kati ya 150,000. Ukame ulikuwepo, lakini kuulaumu peke yake ni kuwasamehe wengi mno.

Halafu Kongwa, kaskazini kidogo ya njia ya zamani. Mwaka 1946 ujumbe wa Waingereza ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka Afrika Mashariki na ya Kati kwa wiki tisa, sehemu kubwa ukitazama ardhi kutoka kwenye ndege, ukapendekeza mashamba makubwa ya karanga. Trekta zilikuta mibuyu isiyong'oka kirahisi na udongo unaokuwa kama saruji jua likiwaka. Mvua nayo ilikuwa ile ya siku zote: ikaja isipotakiwa, ikakosekana ilipongojwa. Mpango ulifungwa mwaka 1951 baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Wiki tisa ni fupi kuliko hata msimu mmoja wa Ugogo.

Je, mvua zenyewe zimebadilika? Jibu linahitaji kipimo kirefu kuliko umri wa mtu. Mwaka 2000 Dirk Verschuren na wenzake walichapisha matokeo ya matope ya Ziwa Naivasha, Kenya, yanayosimulia miaka 1,100: ukavu mkali kati ya mwaka 1000 na 1270 hivi, kisha karne zenye maji zaidi, zikikatwa na vipindi vitatu vya ukame, cha mwisho kikianza yapata 1760 na kuisha 1840. Mababu wa wapagazi wa misafara ile waliishi ndani yake.

Makutupora, kaskazini mwa Dodoma, kuna ushahidi ulio karibu zaidi. Visima vya hapo ndivyo tegemeo la mji, na kina cha maji yake kimepimwa kwa miongo mingi. Uchambuzi wa Richard Taylor na wenzake, uliotoka mwaka 2013, ulionyesha kwamba maji hushuka miaka nenda miaka rudi, kisha hupanda ghafla katika misimu michache ya mvua kubwa kupita kiasi, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998. Mvua za kawaida haziongezi kitu cha maana huko chini. Yaani mvua ileile iliyobomoa madaraja ndiyo iliyojaza kisima cha makao makuu ya nchi.

Mwisho wa njia, Ujiji, nao una kipimo chake. Msafiri Mwingereza Cameron aliukuta mto Lukuga, mlango wa Ziwa Tanganyika, umezibwa na majani na tope mwaka 1874. Mwingereza mwingine, Hore, alipofika mwaka 1879 maji yalikuwa yakitoka kwa kasi. Ziwa likashuka karibu mita 10 kabla ya karne kwisha, na ufukwe wa Ujiji ukasogea mbali na mji. Watu wakajenga na kulima pale maji yalipokuwa. Miaka ya 2020 ziwa lilipopanda tena, maji yaliingia bandari ya Kigoma, na upande wa Burundi watu wa Gatumba wakahama nyumba zao. Maeneo hayo yote yako chini ya usawa ambao ziwa lilifikia mwaka 1878.