Kifudu Kabla ya 1913: Hoja Dhidi ya Kutafuta Mtunzi wa Ngoma

Sheria ya Kenya ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kijamii inaitaka kila serikali ya kaunti iweke rejista ya urithi huo. Nia ni njema. Matatizo huanza pale msajili anapouliza: ngoma hii ni ya nani, na ilianza lini? Kwa kifudu ya Wagiriama, jibu lililo tayari midomoni mwa wengi kutoka Malindi hadi Kaloleni ni Mekatilili wa Menza, 1913. Jibu hilo silikubali.

Hakuna anayebisha kwamba mwaka huo Mekatilili alizunguka vijijini akicheza kifudu, huku akiwahimiza watu wakatae kodi na kuchukuliwa vijana wao kufanya kazi za Waingereza. Cynthia Brantley, katika kitabu chake cha 1981 kuhusu upinzani wa Wagiriama, ameyaeleza mazingira hayo kwa kina. Ila kifudu ilikuwa ngoma ya matanga. Mekatilili, aliyekuwa mjane, aliitoa msibani akaipeleka kwenye siasa, na watu wakamfuata kwa sababu waliijua tayari. Wengi wao bila shaka walikuwa wamewahi kuwazika wazee wao kwa ngoma hiyohiyo. Wimbo uliotungwa jana usingekuwa na mvuto huo. Hivyo basi 1913 ni tarehe ya matumizi mapya, wala si ya kuzaliwa. Mekatilili alikamatwa Oktoba mwaka huo na kuhamishiwa Kisii. Agosti 1914 serikali ya kikoloni ikailipua kwa baruti Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama. Kifudu haikufa, maana haikuwa mali ya mtu mmoja wala ya kaya moja.

Wakusanyaji wa muziki nao wametuachia mtego kama huo wa kutafuta asili moja. Hugh Tracey, aliyerekodi muziki wa Kenya, wa Wagiriama ukiwemo, mwaka 1950 na 1952, ametuhifadhia sauti ambazo leo tusingezipata (shukrani anastahili). Hata hivyo santuri hushika uchezaji wa siku moja tu. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Francis O'Neill, mkuu wa polisi wa Chicago, aliyechapisha tuni 1,850 za Kiayalandi mwaka 1903: tuni moja ya fidla yenye majina kadhaa na mapigo tofauti ikapewa sura moja kitabuni, na wanafunzi wakaichukua kuwa ndiyo asili.

Watasema: bila mwenyewe anayejulikana, wajanja wataiba. Lakini sheria yenyewe inaitambua jamii kuwa mwenye haki. Mtunzi mmoja hahitajiki. Kinachohitajika ni rejista inayoandika ngoma huchezwa katika tukio gani, na nani, kwa ala zipi, na inavyobadilika toka mtaa hadi mtaa. Pengine utaratibu huo ungefaa pwani nzima. Wasajili wa Kilifi, kaunti ya Wagiriama, waanzie matangani, ndipo wafike 1913.