Karanga za Kongwa: Udongo Haukuulizwa

Mwulize kijana yeyote aliyesoma shule ya msingi hapa Tanzania akutajie aina za udongo. Atakujibu bila kufikiri: kichanga, tifutifu, mfinyanzi. Tulikariri, tukafaulu mtihani, tukaachana nayo. Leo nawarudisha kwenye somo hilo, kwa sababu kuna serikali kubwa ya dunia hii iliyopoteza pauni milioni 36 kwenye ardhi yetu, na sehemu kubwa ya hasara ile ilianzia kwenye somo hilo hilo la watoto.

Nazungumzia mradi wa karanga wa Kongwa. Wengi tumeusikia darasani, aya moja tu, halafu mwalimu akarukia Vita vya Pili au TANU. Kinachosimuliwa zaidi ni vichekesho: Waingereza na mitambo yao, mibuyu, nyuki, jua la Ugogo. Mimi vichekesho vimenichosha. Kinachoniuma ni kwamba elimu ambayo ingeuokoa mradi ule ilikuwepo hapa hapa nchini, tena imeshaandikwa.

Tuanzie Amani, milimani Usambara. Wajerumani walijenga kituo cha utafiti wa kilimo pale mwaka 1902. Baada ya Vita vya Kwanza kikawa cha Waingereza, na mwaka 1928 akaja mkemia wa udongo aitwaye Geoffrey Milne. Kazi yake ilikuwa kujua udongo wa Afrika Mashariki nzima: Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Mtu mmoja na wenzake wachache, eneo lote hilo.

Wakati huo elimu ya kuainisha udongo ilikuwa imetawaliwa na mawazo yaliyotoka Urusi. Mtaalamu wao, Dokuchaev, alichapisha mwaka 1883 kitabu chake kuhusu udongo mweusi wa nchi ile, akionesha kwamba udongo si vumbi la mwamba tu, bali ni zao la hali ya hewa, mimea, mwamba, umbo la nchi na muda. Kwenye nchi tambarare kama Urusi unaweza kutembea siku nyingi bila kuona udongo ukibadilika. Sasa mlete mtu mwenye ramani ya namna hiyo Sukumaland au Unyamwezini. Atachanganyikiwa. Kutoka juu ya kilima mpaka bondeni, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, udongo unabadilika mara tatu au nne.

Milne aliona kwamba mabadiliko haya yana mpangilio. Juu kuna udongo mwekundu, maana maji yanapita vizuri na chuma kilichomo kinapata hewa na kushika kutu. Katikati ya mteremko rangi inapauka na mchanga unaongezeka. Chini kabisa, maji yanakotuama, kuna udongo mweusi mzito unaonata wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Halafu ukipanda kilima kinachofuata, unakutana na mfuatano ule ule. Mwaka 1935 Milne alipendekeza mfuatano huo uchorwe kwenye ramani kama kitu kimoja, akauita katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Mwaka 1936 ikatoka ramani yake ya muda ya udongo wa Afrika Mashariki. Neno katena linafundishwa leo kwenye vyuo vya kilimo duniani kote. Limezaliwa hapa kwetu, na sijui ni wangapi kati yetu tuliwahi kuambiwa hivyo shuleni.

Lakini tusimpe Milne sifa zote. Wakulima walikuwa wameshaugawa mteremko ule na kuupa majina zamani sana. Msukuma hana haja ya maabara. Udongo wa kichanga wa mteremkoni anauita luseni: hapo anaweka mihogo na karanga. Chini yake kuna itogolo, udongo wenye tabaka gumu chini ambalo maji hayapenyi. Hapo anachunga ng'ombe, au anajenga majaluba alime mpunga. Bondeni kabisa ni mbuga, udongo mweusi wa nyufa. Maafisa kilimo wa kikoloni waliyaandika majina hayo kwenye ripoti zao na kuyatumia kazini, kwa sababu yaliwafaa kuliko yale waliyokuja nayo. Neno mbuga likaingia hata kwenye vitabu vya kitaalamu vya Kiingereza. Jina moja la Kisukuma linakueleza rangi, ugumu, tabia ya maji na zao la kupanda. Huo ni uainishaji kamili wa udongo.

Basi, Milne akafariki mwaka 1942. Vita ikaisha mwaka 1945, na Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Siagi na majarini vilikuwa kwa mgao. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi wa kampuni ya United Africa, akaipelekea serikali wazo la kulima karanga Afrika Mashariki kwa mashine. Serikali ikatuma ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Walizunguka kwa wiki tisa, sehemu kubwa ya safari wakiwa ndani ya ndege. Ripoti yao ikatoka mwaka huo huo: ekari milioni 3.2, zigawanywe mashamba 107, kila shamba ekari 30,000. Mashamba 80 yawe Tanganyika, mengine Rhodesia ya Kaskazini na Kenya. Lengo lilikuwa tani 600,000 za karanga kwa mwaka.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Ekari milioni 3.2 ni zaidi ya mara saba ya kisiwa cha Unguja. Ekari 30,000, yaani shamba moja tu, ni mraba wa kilomita 11 kila upande. Simama Posta, tazama mpaka Mwenge, halafu fikiria eneo la upana huo pande zote nne likilimwa kana kwamba ni udongo mmoja. Sasa kumbuka alichosema Milne: udongo unabadilika ndani ya mwendo wa dakika chache. Ndani ya mraba ule kuna minyororo kadhaa ya vilima na mabonde. Ukiwa angani unaona pori tu. Ili uuone udongo inabidi ushuke, uchimbe shimo la kimo cha mtu, uangalie tabaka zake, ushike udongo mkononi. Hata ramani ya 1936 isingetosha kuchagua shamba, kwani sentimita moja ya karatasi ilikuwa kilomita 20 za ardhi. Ilikuwa inakuambia ni wapi uanze kuchimba mashimo.

Mapema mwaka 1947 kikosi cha kwanza kikafika Kongwa. Mitambo mingi ilikuwa matrekta yaliyotumiwa na jeshi la Marekani, yaliyonunuliwa Ufilipino. Baadaye vikaja hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta. Katapila mbili zilikuwa zinavuta mnyororo wa nanga ya meli katikati yao, na mnyororo ule unafyeka miti. Mwaka huo walitarajia kupanda ekari 150,000. Zikapandwa kama 7,500.

Miti iling'oka, japo kwa taabu. Tatizo likawa ardhi yenyewe. Hapa ndipo somo la darasani linaporudi, kwa hiyo nivumilieni nieleze kidogo.

Chembe ya mchanga unaiona kwa macho. Chembe ya mfinyanzi ni ndogo kuliko milimita 0.002, huioni. Mchanga hauna gundi. Mfinyanzi ndio gundi. Ukichanganya mchanga mwingi na mfinyanzi wa kutosha, ukaloanisha, ukaanika juani, umepata nini? Mwulize fundi yeyote wa matofali. Udongo wa Kongwa ulikuwa mchanganyiko wa namna hiyo. Mvua ikinyesha unalainika, vibonge vyake vinabomoka, chembe zinapangana na kushikana. Jua likiwaka siku chache unakuwa kama saruji. Tena mchanga wake ni wa kwatzi, chembe ngumu zinazokwangua chuma kama msasa. Majembe ya matrekta yaliyotengenezwa kwa kazi ya miezi mingi yalikuwa yanalika haraka ajabu.

Sasa angalia zao lenyewe. Karanga si kama mahindi. Inachanua juu ya ardhi, halafu ua likishachavushwa linatoa kikonyo chembamba kama sindano, kinachoinama na kujichomeka udongoni, na karanga inakua huko chini. Kwa hiyo karanga inahitaji udongo laini mara mbili: kikonyo kipate kuingia, na mkulima apate kuing'oa bila kuacha zao lake ardhini. Kwenye udongo unaokauka kama saruji anashindwa mara zote mbili. Ndiyo maana mama wa Kisukuma anaweka karanga zake kwenye luseni. Hajawahi kusikia habari za kwatzi, lakini vidole vyake vimeng'oa karanga misimu mingi.

Sitaki kudanganya kwamba udongo pekee ndio uliouangusha mradi. Mvua ya Ugogo haiaminiki. Wagogo walilijua hilo kwa uchungu, maana njaa waliyoiita Mtunya, kati ya 1918 na 1920, iliua watu wengi sana. Mashine zilikuwa chakavu, vipuri havipatikani, reli na bandari vilizidiwa. Waziri wa Chakula, John Strachey, alikuwa na haraka ya kisiasa kule London. Lakini mvua, vipuri na bandari ni mambo ambayo huenda mtu akaja kuyarekebisha au kuyasubiri. Udongo hauurekebishi kwa kupiga simu. Ukishachagua pasipo, umeshachagua. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuachana na mpango ule na kufuta pauni milioni 36.

Kuna jambo moja ambalo kila nikilifikiria linanitia hasira. Kati ya Desemba 1935 na Februari 1936 Milne alifanya safari ndefu ndani ya Tanganyika, akichunguza udongo huku akichimba na kuandika. Maelezo ya safari ile hayakuchapishwa akiwa hai. Yalichapishwa Uingereza kwenye jarida la ikolojia mwaka 1947, mwaka ule ule ambao katapila zilikuwa zinanguruma Kongwa. Mtu aliyechimba ardhi na kuisoma alichapishwa akiwa kaburini, na watu walioiona ardhi kwa dirisha la ndege walipewa mamilioni. Na Mgogo mwenye ng'ombe wake, aliyekuwa pale tangu enzi za mababu, hakuwa hata na pa kuandika.

Kongwa leo ina ranchi ya taifa. Inafuga ng'ombe. Yaani baada ya vifaru, minyororo na mamilioni, ardhi imerudi kwenye kazi ambayo Wagogo walikuwa wameipa tangu mwanzo.

Kwa nini nawasumbua na habari za karanga za mababu? Kwa sababu kazi yangu ya uripota inanipeleka mara kwa mara kwenye hafla za kukabidhi ardhi. Kuna hema, maturubai, maji ya chupa, mwekezaji mwenye tarakimu nzuri: hekta elfu kadhaa, ajira elfu kadhaa, tani kadhaa. Katika hafla moja niliuliza udongo wa pale ni wa aina gani. Ukumbi ukanyamaza kidogo, halafu nikajibiwa kwamba ni "ardhi yenye rutuba". Rutuba si jibu la swali langu. Rutuba unaweza kuinunua kwenye mfuko wa mbolea. Mimi nilitaka kujua kama maji yanapita au yanatuama, kama jembe linaingia mwezi wa tano, kama kuna tabaka gumu chini ya sentimita 40. Mbolea haibadilishi mambo hayo.

Na sasa hivi hatuna kisingizio cha wiki tisa. Tuna watafiti wa udongo Mlingano, Tanga. Tuna Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kinachofundisha elimu hiyo. Tuna mfumo wa kimataifa wa kuainisha udongo ambao mbuga zetu zina kundi lake ndani yake, linaitwa Vertisols, ili mtaalamu wa Kongwa aelewane na wa India au Australia. Na bado tuna wazee vijijini wenye majina ambayo hayajaandikwa yote. Shimo la kuchunguza udongo linachimbwa na vijana wawili kwa asubuhi moja. Ukilinganisha na bei ya trekta moja, ni bure.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni dogo. Siku mkisikia mradi mkubwa wa kilimo unatangazwa, wa mzungu, wa Mwarabu au wa ndugu yetu mwenyewe, msiulize kwanza ni mabilioni mangapi. Ulizeni mashimo mangapi yamechimbwa, na nani kayasoma. Halafu ulizeni wenyeji wanauitaje udongo ule. Kama aliye jukwaani hajui hata jina lake, mjue yupo alipokuwa Wakefield mwaka 1946, anaangalia pori kutoka angani.