Kanga ya Pili: Nguo za Sikukuu Unguja Baada ya 1897

Anayeona kuwa kuhangaikia nguo ya Idi ni anasa tu, na aitazame Unguja ya karne ya 19. Katika mji ule nguo ilimtangulia mtu kujieleza. Mtumwa alivaa merikani, kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa kilicholetwa na meli za Salem, Massachusetts, au kaniki, yaani merikani hiyohiyo iliyotiwa nili hadi ikakaribia weusi. Mwanamke alijifunga kipande kimoja kifuani, mabega na kichwa vikabaki wazi. Kofia na viatu vilikuwa vya waungwana, na kujifunika kulikuwa heshima ya bibi wa nyumba kubwa. Itasemwa kwamba masuria na watumishi wa majumbani walivikwa vizuri, pengine hata hariri na dhahabu. Ni kweli, lakini aliyechagua ni bwana, na uzuri ule ulitangaza mali yake yeye.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitia saini amri ya kuondoa hadhi ya utumwa kisheria. Amri hiyo haikumkomboa mtu mara moja: ilimbidi aende mwenyewe kudai uhuru wake, na masuria waliachwa nje hadi 1909. Hakuna aliyegawiwa shamba. Walioachwa huru wengi waliendelea kuishi kwenye ardhi ya wenye mikarafuu, wakilipa kwa kazi. Kati ya yote yaliyomtenga mtumwa na muungwana, nguo ndiyo iliyoweza kubadilishwa kwa ujira wa kuchuma karafuu.

Hapo ndipo kanga inapostahili kutazamwa kwa makini. Ilikuwa imeanza kabla ya amri ile, kwa kuunganisha leso za madukani na kwa kugonga nakshi juu ya merikani kwa vibao vya mti; baadaye ikachapwa Ulaya na kuuzwa na wafanyabiashara wa Kihindi. Iliuzwa kwa doti, vipande viwili vilivyoshikana. Mnunuzi alivikata katikati na kupinda ncha, kimoja akajifunga, cha pili akajitanda kichwani na mabegani. Kanga hiyo ya pili ilifunika palepale ambapo mjakazi aliachwa wazi. Mwanamke aliyetokea viwanja vya Mnazi Mmoja siku ya Idi na doti mpya, akiwa bado ananukia udi, alikuwa anauambia mji mzima kwamba hesabu yake ya zamani imefutwa.

Wapo watakaosema hayo ni sunna, kwani Mwislamu amehimizwa kuvaa nguo yake nzuri kuliko zote siku ya Idi. Sunna ilikuwapo karne nyingi. Kipya kilikuwa ni nani aliyepata uwezo wa kuitimiza kwa hiari yake. Wengine watasema ilikuwa hila ya wenye maduka, walioleta michoro mipya kila mara ili wauze. Faida walipata, sikatai. Lakini muuzaji hakuwa na nguvu ya kumlazimisha mteja: mchoro usiopendwa ulibaki rafuni, na kwa hiyo ladha ya wanawake waliokuwa watumwa juzi ilifika hadi kwa wachapaji wa Uholanzi na Manchester.

Pingamizi zito zaidi ni la umaskini: kwa nini mtu asiye na ardhi atumie akiba yake, au akope, kwa ajili ya doti ya sikukuu? Swali hilo linadhani alikuwa na njia nyingine ya kudai nafasi yake mjini. Hakuwa nayo. Uchaguzi wa kwanza wa Zanzibar ulifanyika 1957, miaka 60 baada ya amri ile, na hata katika huo wanawake hawakupiga kura. Katika muda wote huo, uamuzi wa nivae nini Idi hii ulikuwa miongoni mwa maamuzi machache ya hadharani ambayo binti wa mtumwa aliyafanya bila kuomba ruhusa ya bwana wala serikali, na ndiyo maana aliutolea akiba yake.