Trudy na Rachel Hawakuwahi Kupanda Ndege

Kile kitabu nilikipata kwa wale wauzaji wa vitabu vya mitumba mjini Nairobi, wale ambao lazima uiname ndio uone bidhaa. Kinaitwa Coffee, Tea or Me?, yaani kahawa, chai au mimi? Kilitoka Marekani mwaka 1967, na waandishi ni wawili: Trudy Baker na Rachel Jones, wahudumu wa ndege wanaosimulia maisha yao ya angani, abiria wasumbufu, marubani wenye mikono mirefu, wanaume wa kila mji. Ni kitabu cha kuchekesha na nilikimaliza haraka. Halafu nikaanza kuwatafuta Trudy na Rachel, nijue waliishia wapi.

Kumbe hawakuwahi kuwako. Kitabu kizima kiliandikwa na mwanamume, Donald Bain, aliyekuwa akifanya kazi ya uhusiano mwema katika American Airlines. Alikutana na wahudumu wawili wa kweli waliotaka stori zao ziandikwe, akaona hazitoshi kujaza kitabu, akazijaza mwenyewe. Kilipotoka, wakatafutwa wasichana wawili wa kuzunguka kwenye vipindi vya redio na televisheni wakijifanya ndio Trudy na Rachel. Kiliuza mamilioni ya nakala, kikazaa vingine vitatu, na mwaka 1973 kikawa filamu ya televisheni. Miaka mingi baadaye Bain aliandika riwaya kibao za Murder, She Wrote, na mwandishi mwenzake jaladani alikuwa Jessica Fletcher, mwanamke mwingine asiyekuwako. Jamaa alijua kuchekesha, hilo siwezi kumnyima. Shida yangu ni ule mwaka, na kile ambacho wahudumu wa kweli walikuwa wanapitia huku Trudy na Rachel wakistarehe.

Kazi yenyewe ilianza mwaka 1930. Ellen Church, muuguzi aliyekuwa amejifunza kurusha ndege, alienda kuomba kazi Boeing Air Transport. Urubani hakupewa. Badala yake yeye na wauguzi wengine saba waliajiriwa kuwatuliza abiria, maana kupanda ndege wakati huo kulikuwa kutapika na kuomba Mungu. Ilibidi uwe hujaolewa, usizidi miaka 25, wala kilo kama 52. Malipo yalikuwa dola 125 kwa mwezi. Kazi ilihusisha pia kubeba mizigo, kukaza skrubu za viti, hata kusaidia kuisukuma ndege kwenye banda lake. Mrembo anasukuma ndege! Hiyo hukuiona kwenye matangazo.

Urembo ulikuja kuwa biashara kwa sababu ya nauli. Hadi mwaka 1978 serikali ya Marekani ndiyo iliyodhibiti bei za tiketi, kwa hivyo kampuni moja haikuweza kumshinda jirani kwa kuuza rahisi. Kilichobaki kushindania ni chakula, vinywaji, na msichana anayevileta. Mwaka 1965 Braniff ilimwajiri Emilio Pucci, mbunifu wa mitindo kutoka Italia, awashonee wahudumu nguo, kisha ikatoa tangazo ambamo mhudumu anazivua moja baada ya nyingine safari ikiendelea.

Nyuma ya hizo nguo kulikuwa na mizani. Walipimwa uzani mara kwa mara, wakakaguliwa kama wamevaa ule mkanda wa kubana nyonga. Ukiolewa, kazi kwisha. Ruth Carol Taylor, mhudumu wa kwanza Mweusi nchini Marekani, alianza kuruka na Mohawk Airlines Februari 1958, na miezi michache baadaye akaolewa na kupoteza kazi. Wengine walificha pete na waume. Na kuanzia mwaka 1953, American Airlines, kampuni ileile ya Bain, iliweka kanuni kwamba mhudumu mpya akifika miaka 32 anaacha kuhudumu angani. Miaka 32! Ukipiga hesabu unaona ujanja wake: wengi hawakudumu hata miaka mitatu, kwa hivyo hakukuwa na mishahara ya kupanda wala pensheni ya kuwatayarishia.

Wenyewe hawakukaa kimya. Mwaka 1963 Barbara Roads, ambaye wenzake walimwita Dusty, pamoja na wahudumu wengine waliita waandishi wa habari mjini New York, wakajipanga mbele yao na kuwaambia wakisie ni nani kati yao amepita 32. Hakuna aliyeweza kujua. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ilipokataza ubaguzi wa kijinsia kazini, Dusty alifika na mwenzake kwenye tume mpya ya usawa wa ajira mwaka 1965, taipureta zikiwa bado zinafunguliwa kwenye maboksi. Mfanyakazi mmoja Mweusi aliwatazama hao Wazungu wawili na kuwauliza wao wana shida gani. Wakaketi, wakaanza kueleza. Mwaka huohuo, wahudumu walipofika mbele ya kamati ya bunge, mbunge James Scheuer aliwaomba wasimame ili kamati ione ukubwa wa tatizo. Watu wakacheka.

Kwenye kicheko hicho ndipo kitabu cha Bain kiliingia, miaka miwili baadaye. Hebu fikiria uko angani, miguu imevimba, kesi yako iko mbele ya tume, na abiria wa kiti cha tatu anakurushia kichwa cha kitabu kama salamu. Ukimnunia, unaweza kushtakiwa kwa bosi. Halafu anaamini ni wewe uliyeandika.

Mwaka 1968 tume iliamua kwamba kuwafuta wahudumu kwa sababu ya ndoa au umri ni ubaguzi. Mary Sprogis, aliyefutwa na United mwaka 1966 kwa kuolewa, alishinda katika mahakama ya rufaa mwaka 1971. Mwaka huohuo National Airlines ilizindua matangazo mapya. Msichana anatabasamu, anataja jina lake la kwanza, kisha anamwambia abiria amrushe yeye.